Dhamana ya Chombo cha Kuazima

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, tumche Mwenyezi Mungu katika mambo makubwa, na tumche vile vile katika mambo tunayoyaona kuwa ni madogo. Tunakusudia kuzungumzia jambo moja ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni chombo cha jirani kilichoazimwa. Sufuria, jamvi, kinu, shoka na baiskeli ni vitu ambavyo havitajwi sana mimbarini. Lakini ni hivi hivi vinavyowafikisha majirani mbele ya mjumbe, kisha mbele ya baraza la kata, na mara nyingine mbele ya hakimu wa mahakama ya mwanzo. Na watu wakitoka huko, hata yule aliyeshinda hurudi nyumbani akiwa amepoteza jirani.

Wanaoishi Nachingwea na Ruangwa, katika Mkoa wa Lindi, wanalijua jambo hili vizuri. Nchi ile ni ya wakulima wa korosho, ufuta, mbaazi na mihogo. Mavuno yakishauzwa na fedha zikaingia, ndipo zinapofuatana arusi, khitima na sherehe za kuwatoa watoto jandoni na unyagoni. Hakuna nyumba ya kawaida yenye vyombo vya kuwapikia watu mia mbili. Basi sufuria kubwa hutoka nyumba hii zikaenda nyumba ile, na pamoja nazo masinia, mabirika, majamvi na maturubai. Na unapofika wakati wa kuipulizia mikorosho dawa ya salfa, mashine moja ya kupulizia hupita shamba hata shamba, kwani si kila mkulima anayo yake. Huo ndio ujirani, na Uislamu unaupenda na kuusifu.

Tuchukue mfano, wala hatumkusudii mtu yeyote. Mama mmoja ameazima sufuria mbili kubwa kwa jirani yake kwa ajili ya arusi ya binti yake. Arusi ikapita salama. Wiki tatu baadaye mwenye sufuria akaja kuuliza: "Shoga, vyombo vyangu vipi? Na mimi nina shughuli yangu Jumapili." Akajibiwa: "Moja hii hapa. Ile nyingine si nilimpa mwanao akuletee, siku ile ile ya pili ya arusi?" Mtoto akaulizwa, akasema hakupewa kitu. Na sufuria iliyobaki ikaonekana ina tundu ubavuni. Mwenyewe akasema ilikuwa nzima. Mwenziwe akaapa kwamba hivyo ndivyo alivyoipokea. Maneno yakapanda, majina ya wazazi yakatajwa, na kabla ya magharibi watu wawili waliokula sahani moja wakawa hawapeani mkono. Nani kati yao mwenye haki? Tuliweke swali hili, tutalirudia baada ya kueleza hukumu zake.

Wanazuoni wetu huuita mkataba huu ariya, yaani kumpa mtu kitu akitumie bila malipo, kisha akirudishe kile kile. Tuutenganishe na mikataba mingine inayofanana nao, kwa sababu nusu ya ugomvi hutokana na kuichanganya. Ukichukua kibaba cha mchele au fedha kwa jirani, hiyo ni karadha, kwani kitu chenyewe hutumika kikaisha, nawe unarudisha mfano wake. Ukichukua kitu kwa kukilipia, kama wanavyokodishwa watu viti na maturubai, hiyo ni ijara. Ukiwekewa kitu ukitunze tu bila kukitumia, hiyo ni wadia, yaani amana ya kuhifadhi. Kila mmoja katika mikataba hii una hukumu zake, na aliyeazima hana ruhusa ya kujifanya mpangaji wala mwekewa amana pale mambo yanapoharibika.

Ama fadhila ya kuazimana, inatosha kwetu Suratul Maun. Humo Mwenyezi Mungu amewalaumu watu wanaosali kwa kujionyesha, kisha wakawanyima wenzao msaada mdogo wa vyombo. Imepokewa kutoka kwa Ibn Masud, Mwenyezi Mungu amwie radhi, kwamba masahaba walikuwa wakiifahamu maun kuwa ni kuazimana vitu kama ndoo na chungu. Tazameni jinsi mambo yalivyowekwa pamoja: sala ya mtu na chungu chake vimetajwa katika sura moja fupi. Na katika Suratun Nisaa, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe. Amri ya kwanza inamhusu mwenye mali, asinyime. Ya pili inamhusu aliyeazima, asizuie. Mmoja akiivunja yake, wa pili huona uzito kuitimiza yake.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, mwenyewe aliazima. Katika mwaka wa 8 wa Hijra, sawa na mwaka 630, alipokuwa akijitayarisha kwa vita vya Hunayn, aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati ule alikuwa bado hajasilimu. Safwan akauliza kama anapokonywa mali yake. Mtume akamjibu kwamba ni azima yenye dhamana. Vita vilipokwisha, baadhi ya deraya zilikosekana, na Mtume akajitolea kumlipa. Safwan akakataa malipo, kwa kuwa moyo wake ulikwisha kuingiwa na jambo ambalo halikuwamo siku ya kwanza. Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba sharti lilitamkwa wakati wa kukabidhiana, si baada ya kupotea. La pili ni kwamba mshindi wa vita, mwenye nguvu na jeshi, alijiona anadaiwa na mtu asiye wa dini yake.

Na siku nyingine, Mtume akiwa katika nyumba ya mmoja wa wakeze, mke mwingine alimpelekea chakula katika sahani. Mwenye nyumba akashikwa na wivu, akaupiga mkono wa mtumishi, sahani ikaanguka ikavunjika. Mtume akaviokota vipande kwa mkono wake, akawaambia waliohudhuria kwamba mama yao ameona wivu. Kisha akachukua sahani nzima ya nyumba ile akampelekea yule aliyevunjiwa, na ile iliyovunjika akaiacha pale ilipovunjikia. Hakukemea kwa makelele, wala hakusema kwamba ni sahani tu. Alirudisha haki ya mtu, na utulivu ukabaki nyumbani.

Sasa tuingie katika hukumu. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya chombo cha kuazima kinapopotea au kuharibika bila ya uzembe wa aliyekiazima. Wafuasi wa Imam Abu Hanifa wamesema kuwa ni amana, halipi ila akifanya uzembe au akivuka mipaka. Wafuasi wa Imam Malik wametenganisha: kitu kinachoweza kufichwa, kama nguo na vyombo, atakilipa ila akileta ushahidi kwamba kimeharibika bila kosa lake, kisichofichika, kama mnyama, halipi. Ama Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu na nchi zilizo nyuma yake, amesema kuwa aliyeazima analipa hata kama hakuzembea, na wafuasi wa Imam Ahmad wako karibu na kauli hiyo. Hoja yao ni kisa cha Safwan tulichokitaja, pamoja na hadithi iliyopokewa na Samura, yenye maana kwamba mkono uliopokea kitu unabeba jukumu lake mpaka ukirudishe.

Lakini tusiifahamu vibaya kauli hiyo. Uchakavu unaotokana na matumizi yaliyoruhusiwa haulipwi. Sufuria ikipata masizi, jamvi likichakaa kwa kukaliwa, shoka likipungua makali kwa kuni zilizokusudiwa, hakuna deni. Na panapokuwa na deni, kinacholipwa ni thamani ya kitu kama kilivyokuwa siku kilipoharibika. Hivyo mwenye sufuria ya miaka kumi asidai mpya ya dukani, maana hapo dhuluma imehama upande. Lakini mtu akiazima mashine apulizie mikorosho yake, kisha akaenda nayo kupulizia mashamba ya watu kwa ujira, huyo amevuka mpaka wa ruhusa aliyopewa. Atadaiwa uharibifu, na atadaiwa pia ujira wa matumizi yale ambayo hakuruhusiwa.

Yako mambo mengine matatu ambayo fiqhi ya Kishafii imeyaeleza, nayo ndiyo mizizi ya kesi nyingi. La kwanza, aliyeazima hana ruhusa ya kumwazimisha mtu wa tatu bila idhini ya mwenyewe. Mara ngapi chombo kimeazimwa Nachingwea kikaja kuonekana Ruangwa, kimepita mikono minne, na kila mkono unausonta mwingine! La pili, gharama na taabu ya kurudisha ni ya aliyeazima. Si haki mwenye mali aje na mkokoteni wake kufuata alichokitoa kwa wema. La tatu, kurudisha ni kumkabidhi mwenyewe au wakili wake. Kukiacha chombo barazani, au kumkabidhi mtoto, hakumtoi mtu katika dhamana mpaka kitu kimfikie mwenyewe.

Na wakifika mbele ya mwamuzi, kanuni kubwa ya dini yetu ni kwamba mwenye kudai alete ushahidi, na mwenye kukana aape. Mwekewa amana akisema amekwisha kuirudisha, husadikiwa kwa kiapo chake, kwani alikuwa akimtumikia mwenye mali. Lakini aliyeazima, kwa Mashafii, hasadikiwi kwa kiapo peke yake kwamba amerudisha. Yeye alikichukua kwa manufaa ya nafsi yake, basi ni juu yake kuleta ushahidi wa kurudisha.

Turudi kwa wale majirani wetu wawili. Sufuria ya kwanza, inayosemekana alipewa mtoto: hata tukisadiki kwamba alipewa, mtoto si wakili wa mama yake katika kupokea mali. Dhamana bado iko shingoni mwa aliyeazima, naye anadaiwa thamani yake. Sufuria ya pili, yenye tundu: wote wawili wanakubali kuwa iliazimwa, bali wanagombania hali yake siku ya kukabidhiwa. Hapa hakuna aliyetazama, hakuna shahidi, hakuna alama. Mwamuzi yeyote atahangaika, na lililo bora kwao ni suluhu: wagawane gharama ya fundi wa kuziba. Tundu lile lingejulikana lilikuwako au halikuwako, lau wangeigeuza sufuria mbele ya macho yao wote wawili siku ile ya kwanza.

Pengine msikilizaji atauliza: Je, sheria ya nchi inasemaje? Hili ni lazima tulijue, kwani Tanzania Bara haina mahakama za kadhi za serikali. Ziliondolewa katika miaka ya kwanza ya uhuru, muundo wa mahakama ulipounganishwa, ingawa Zanzibar zimebaki. Makadhi walio chini ya BAKWATA, baraza lililoanzishwa mwaka 1968, huwashauri na kuwasuluhisha wanaowaendea kwa hiari. Mabaraza ya kata, yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1985, kazi yake ya msingi ni kuleta suluhu. Anayetaka hukumu yenye nguvu ya serikali huenda mahakama ya mwanzo. Huko hoja hupimwa kwa uzito: katika madai ya mali, hakimu hahitaji yakini isiyo na shaka, bali humpa haki yule ambaye ushahidi wake umeuzidi wa mwenziwe.

Na Sheria ya Mikataba ya Tanzania ina sehemu yake juu ya mali aliyokabidhiwa mtu. Inamtaka aliyepokea aitunze kwa uangalifu ule ambao mtu wa busara ya kawaida angeutunzia mali yake mwenyewe. Akiwa ametunza hivyo, kisha kitu kikapotea au kuharibika, halipi, ila kama palikuwa na mapatano maalumu. Akikitumia kinyume cha masharti, analipa. Na mtu aliyeazimisha bila malipo anaweza kukidai kitu chake hata kabla ya muda waliopatana, isipokuwa kama kufanya hivyo kutamtia mwenziwe katika hasara inayozidi faida aliyoipata, hapo itabidi aifidie ziada hiyo.

Tazameni basi, ndugu zetu. Sufuria moja, iliyoibwa usiku jikoni kwa aliyeiazima bila uzembe wake, ina majibu mawili. Hakimu anaweza kusema: hulipi. Fiqhi ya Imam Shafii inasema: unalipa. Je, Muislamu ashike lipi? Sheria imeacha mlango wazi kwa kusema "ila kama palikuwa na mapatano". Mlango huo ndio alioupita Mtume pamoja na Safwan: tamko la dhamana siku ya kukabidhiana. Tukisema mapema, majibu mawili huwa moja. Na tusiposema, basi mcha Mungu asitafute jibu jepesi kwa mali ya mwenziwe. Sheria kutokumlazimisha kulipa hakumzuii kulipa.

Lililo zito kuliko yote ni kukana. Imepokewa kwa Bibi Aisha kwamba mwanamke mmoja wa Bani Makhzum, watu wenye cheo, alikuwa akiazima vitu vya watu kisha akivikana. Usama bin Zaid, aliyependwa sana na Mtume, akatumwa kumwombea, na Mtume akaghadhibika kwa kuombewa. Wanazuoni wengi wamesema aliadhibiwa kwa wizi, na kukana azima kumetajwa kuwa ni sifa aliyojulikana nayo. Wengine, na miongoni mwao Imam Ahmad, wamesema kukana kwenyewe ndiko kulikomtia hatiani. Kwa kauli zote mbili, anayekana azima amewekwa jirani na mwizi. Na Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu nayo inahesabu kuwa ni wizi mtu kukigeuza kuwa chake, kwa hila, kitu cha mwenziwe, hata kama siku ya kwanza kilimfikia mkononi kwa njia ya halali.

Wala mtu asidanganyike akishinda kwa kukosekana ushahidi. Katika hadithi aliyoipokea Ummu Salama, Mtume ametuonya kwamba yeye ni mwanadamu, anahukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenziwe. Basi atakayehukumiwa haki ya ndugu yake asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi kisicho chako, hukumu ya nani itakihalalisha? Sufuria ile itapikiwa futari, na mwenye nyumba anajua ni ya nani.

Yuko pia mwenye mali anayedhulumiwa na mauti. Mtu ameazima baiskeli, akafariki, na baada ya arobaini warithi wakaigawa pamoja na vitu vyake. Ndugu Waislamu, azima haimo katika mirathi. Mkataba wake hukatika mmoja wao anapokufa, na warithi wanapaswa kukirudisha kitu mara moja. Kabla ya kugawa, waulize majirani: "Kuna chochote chenu ndani ya nyumba hii?" Na ndivyo ilivyo katika talaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazungumzia kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja za mume na mke. Kitanda kilichoazimwa kwa shangazi hakikuchumwa na yeyote kati yao. Kirudi kwa shangazi.

Tumalizie kwa yale yanayoweza kufanywa na kila nyumba. Weka alama kwenye vyombo vyako kwa rangi au kwa msumari. Siku ya kukabidhiana kitazameni chombo pamoja, na semeni mambo matatu: kazi yake, siku ya kurudi, na dhamana yake kikipotea. Kitu cha thamani kiandikwe katika daftari, na awepo shahidi. Suratul Baqara imetuelekeza kuandika na kushuhudisha katika madeni, na hekima yake inafaa hapa. Ukimaliza kutumia, kisafishe, kirudishe mwenyewe, na umwone mwenyewe. Kikiharibika, nenda kaseme kabla hujaulizwa. Nawe mwenye mali, usione haya kudai kwa upole, kwani kudai si ugomvi. Na ukiweza kusamehe kama alivyosamehe Safwan, huo ni wema wako, si haki ya kulazimishwa.

Tunaogopa jambo moja. Kila chombo kinachokanwa hufunga mlango mmoja. Mwenye sufuria husema, "Siazimishi tena," na maskini wa pili, asiye na kosa lolote, hurudi mikono mitupu siku ya arusi ya mwanawe. Hivyo aliyekana amemdhulumu mwenye mali, na amemdhulumu pia kila atakayebisha hodi baada yake. Tuwafundishe watoto wetu, wanaume kwa wanawake, kwamba chombo cha watu ni mzigo mpaka kifike kwa wenyewe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa kutoa wala si wa kunyima, wa kurudisha wala si wa kukana. Ewe Mola wetu, zitoe shingoni mwetu haki za majirani zetu kabla ya siku isiyofaa mali wala watoto. Utusamehe sisi, wazazi wetu, na Waislamu wote. Amin.